Utosi wa Irinea Ulipobonyea

Mwezi wa kumi, mbuzi hufika. Wametembea miezi na miezi kutoka malisho ya pwani, maelfu kwa maelfu, na wachungaji wao viatu vimekwisha soli. Machinjio hufunguliwa. Watu wa vijiji vya karibu huhamia pale na mikeka, masufuria na watoto wao. Kila familia ina kibanda chake cha matete, na kila mtu ana kazi yake. Abundio alichuna ngozi. Mkewe, Fidelina, aliosha utumbo.

Kazi ya utumbo haina urembo, lakini Fidelina aliijua. Aliupindua utumbo ndani nje kwa kijiti, akausugua kwa chumvi na ndimu, akausuuza mara tatu. Huu ulikuwa msimu wake wa sita.

"Nifungeni macho," alikuwa akijigamba, "nipeni utumbo wa mbuzi yeyote. Nitawaambia mwanzo ni wapi na mwisho ni wapi."

Wanawake wenzake walimpa jina, Fundi Bomba. Naye alilipenda.

Mwaka huo alikuwa na mtoto wa miezi minane, Irinea. Mchana mtoto alibaki kibandani na bibi yake, Bi Natividad, mama yake Abundio. Kila baada ya muda Fidelina alikimbia kibandani kumnyonyesha na kumlisha uji wa mahindi. Kabla ya kumshika, aliipitisha mikono kwenye beseni la maji, akaikung'uta, basi. Sabuni ya nini? Mikono iliyoshinda kwenye chumvi na ndimu, aliwaza, ni safi kuliko ya padri.

Jumatatu Irinea akaanza kuhara. Kufikia Jumanne alfajiri alikuwa amehara mara tisa, maji matupu.

"Usimpe kitu," Bi Natividad alisema. "Wala ziwa, wala maji. Ukimimina juu inatoka chini. Acha tumbo lipumzike."

"Lakini mama, midomo yake imekauka."

"Wewe unafanya kazi ya mbuzi kila mwaka na huna habari? Mbuzi wetu safari nzima hawaonyeshwi mto. Wanapewa chumvi tu. Wanafika hapa wamekonda?"

Ni kweli, mbuzi walifika wamenona. Basi Fidelina alimwacha mtoto na kiu yake, akaenda kazini. Mama unayesoma, hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa kutii. Hakuwa mama mbaya.

Saa nne asubuhi Bi Natividad alifika machinjioni mwenyewe, mtoto kifuani, mwendo wa haraka.

"Fidelina, acha hizo nyama. Utosi umeanguka."

Fidelina aliinuka na mikono yake inachuruzika. Alitazama kichwa cha mwanawe. Pale juu, pale panapokuwa laini kwa watoto wachanga wote, palikuwa na kishimo. Macho nayo yalikuwa yameingia ndani. Irinea alilia, lakini mashavu yalikuwa makavu. Kilio hakikuwa na chozi hata moja.

"Sasa sikiliza," Bi Natividad alisema. "Utosi ukianguka unasukuma kaakaa chini, mtoto anashindwa kunyonya, tumbo linaharibika. Kwa hiyo tunaurudisha. Wewe mshike miguu, kichwa chini. Mimi nitagonga nyayo, halafu nitasukuma kaakaa kwa kidole gumba. Haraka, kabla haujakaza."

Fidelina alinyoosha mikono. Alikuwa ameona jambo hilo likifanywa tangu utotoni. Labda hata yeye aliwahi kushikwa hivyo.

"Ngojeni kwanza."

Aliyesema hivyo ni Hortensia. Alikuwa ameketi hatua tatu kutoka pale, akikata maini, mioyo na mapafu na kuyapanga kwenye mabeseni. Msimu wa mbuzi ukiisha, Hortensia ndiye mhudumu wa afya wa kijiji chao. Alifundishwa mjini, na kwa miaka tisa ameshika ufunguo wa chumba kidogo cha dawa cha huko kijijini.

"Bi Natividad, shikamoo. Naomba nimwone kabla hamjamgeuza."

"Utamwona nini? Mimi nimeshaona."

"Umeona, na umeona sawa. Utosi umebonyea kweli. Wengi hawaoni mpaka mtoto ameshalegea."

Sifa hiyo ilimfanya bibi kizee alegeze mikono kidogo. Hortensia alinawa kwa sabuni, akafinya ngozi ya tumbo la Irinea taratibu, akaiachia. Ngozi haikurudi mara moja. Ilibaki imekunjamana kidogo, kisha ikajilaza polepole. Halafu akachota maji safi kwa kijiko, akayagusisha mdomoni.

Irinea alikikamata kijiko kwa fizi na hakutaka kukiachia.

"Ana kiu," Hortensia alisema. "Anaweza kunywa, na anatutazama. Hakuna damu kwenye choo?"

"Hakuna," Fidelina alijibu.

"Basi tuna nafasi. Angekuwa amelegea, au hawezi kunywa, au anatapika kila kitu, sasa hivi tungekuwa njiani kwenda hospitali. Abundio, mwambie mwenye lile gari la kubebea nyama asiondoke. Tukiona anazidi, tunapanda."

Abundio, aliyekuwa amekuja kutoka kwenye ngozi zake, alikuwa amesimama na kisu chake, uso umempauka. Alikwenda bila kuuliza.

"Na utosi?" Bi Natividad aliuliza. "Utauacha hivyo hivyo?"

"Bi Natividad, tangi lako la maji ya mvua, si lina kile kijiti kinachoelea, cha kuonyesha kiasi? Kijiti kikishuka unafanyaje?"

"Naongeza maji."

"Hukivuti kijiti juu?"

"Mimi si mwehu."

"Utosi ni kijiti. Maji ya mtoto yamepungua mwili mzima. Ukimning'iniza miguu juu, damu inaukimbilia ubongo, na shingo yake bado ni kama bua. Kaakaa nalo ukilisukuma unaliumiza. Na maji yatakuwa bado hayajaongezeka."

"Nimeinua tosi za watoto arobaini," Bi Natividad alisema. "Waulize mama zao."

Wote wakamtazama Fidelina. Mtoto ni wake. Mkono mmoja wa Irinea ulikuwa umeshika kidole cha bibi yake, na Fidelina aliona jinsi ngozi ya mkono ule ilivyosinyaa. Alinyoosha mikono akamtoa mtoto kwenye kifua cha mkwewe.

"Nisamehe, mama. Leo miguu siishiki."

Bi Natividad aligeuka, akaketi kwenye mkeka akiwa amewapa mgongo.

"Kwanza mikono," Hortensia alisema.

"Mikono yangu ina ndimu na chumvi tangu alfajiri."

"Na uchafu wa tumbo la mbuzi tangu alfajiri. Ndimu inatoa harufu, mwenzangu. Vijidudu haviondoki kwa harufu. Chukua sabuni, sugua mpaka chini ya kucha."

Fidelina alisugua. Maji yalipobadilika rangi, alikumbuka uji aliouonja kwa kidole kabla ya kumlisha mtoto, akasugua tena.

Hortensia alirudi kutoka kibandani kwake na pakiti alizokuja nazo kutoka chumba cha dawa, za ule unga wa chumvi na sukari wanaopewa watu walioishiwa maji. Alimimina pakiti moja kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, akakoroga.

"Kijiko kimoja. Hesabu pole pole mpaka sitini. Kijiko kingine. Akitapika, tunangoja dakika kumi, tunaanza tena taratibu zaidi. Katikati yake mpe ziwa. Mpaka saa nane awe amemaliza zaidi ya nusu lita."

"Kijiko kijiko? Mpaka saa nane?"

"Una mahali pa kwenda?"

Wakakaa chini ya kivuli cha matete, mabeseni ya nyama yakiwa kando yao. Kijiko cha kwanza kikaingia. Cha pili. Cha kumi. Kila kijiko Fidelina alikiona kama tone jangwani.

"Yanakwenda wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Haya maji. Kama yanatoka tu chini, tunafanya nini hapa?"

Hortensia alivuta beseni la mapafu. Alishika bomba la hewa la mbuzi, lile lenye pete ngumu.

"Tazama. Kooni kuna njia mbili. Hii ya hewa, na nyuma yake hii laini ya chakula. Juu ya ile ya hewa kuna kifuniko, kidogo kama ukucha. Kila akimeza, kinafunga. Akimaliza, kinafunguka apumue. Sasa hivi Irinea amemeza vijiko kumi. Kifuniko kimefunga na kufunguka, na hakuna aliyemfundisha."

Fidelina alitazama koo la mwanawe. Irinea akameza. Likapanda, likashuka. Alikuwa ameliona mara elfu na hakuwahi kuliona.

"Kisha tumboni. Mbuzi ana vyumba vinne, sisi tuna kifuko kimoja tu. Halafu yanaingia kwako, Fundi Bomba. Lete utumbo."

Fidelina alichukua kipande cha utumbo mwembamba alichokwisha kupindua. Hortensia alikitumbukiza kwenye beseni la maji safi.

"Inama uangalie."

Ndani ya maji, ngozi ile ilisimama. Ilikuwa na nywelenywele fupi laini, nyingi kupita kuhesabika, zikiyumba kama manyoya ya kitambaa cha mahameli. Fidelina alikuwa amezisugua miaka sita akidhani ni ute wa uchafu.

"Hiyo ndiyo midomo," Hortensia alisema. "Kila unywele unanyonya. Ukizikunjua zote za mtu mzima, zinatandika sakafu ya chumba kizima. Na zote zimekunjwa humo tumboni, mahali pa kufunika kwa mkanda."

"Hata za huyu?"

"Hata za huyu. Ila sasa zimeumwa. Badala ya kunyonya, utumbo unamwaga. Ndiyo maana maji matupu yanamponyoka. Lakini kuna mlango mmoja haujafungwa. Chumvi kidogo na sukari kidogo zikifika pamoja, zinapokewa, na zikiingia, maji yanazifuata. Ndiyo siri ya pakiti. Chumvi ikizidi inamdhuru, kwa hiyo usikisie kwa mkono."

"Na asiye na pakiti?"

"Lita moja ya maji safi. Vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Wakati huo huo anatafuta pakiti."

Kwenye kijiko cha thelathini Irinea alitapika. Fidelina alipiga yowe dogo. Mgongo wa Bi Natividad ulicheza, lakini hakugeuka. Walingoja dakika kumi, ndefu kama mwezi, kisha wakaanza tena.

"Na mbuzi?" sauti ilitoka upande ule wa mkeka. "Mbuzi wanaokula chumvi bila maji?"

Hortensia alitabasamu. "Wanakula nini njiani, Bi Natividad?"

"Majani. Minyaa. Yale mapande manene ya mpungate."

"Ukiyakamua yanatoa nini?"

"Maji."

"Na mavi ya mbuzi?"

"Makavu, kama harage."

"Mbuzi hapotezi. Anakunywa kwa kutafuna, na mwili wake unakamua mpaka tone la mwisho. Huyu amemwaga mara tisa usiku mmoja, na hatukumpa mpungate wala ziwa."

Bi Natividad aligeuka, hatimaye. Alisogea na mkeka wake karibu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Arobaini," alisema. "Wengi walipona. Wanne hawakupona. Mmoja alikuwa wangu, kaka yake Abundio. Nilimgonga nyayo usiku kucha. Nilidhani nimechelewa tu. Sikumpa maji. Aliniomba kwa mdomo, hivi, kama samaki."

Fidelina hakuwa amejua kwamba Abundio aliwahi kuwa na kaka. Hortensia alishusha beseni.

"Ulifanya ulilofundishwa, mama. Na hakuna aliyekufundisha lingine."

"Nipe hicho kijiko."

"Nawa kwanza," Fidelina alisema kabla hajajizuia.

Bi Natividad alimtazama mke wa mwanawe, kisha akaenda akanawa, mpaka viwikoni, akarudi akapakata mjukuu.

"Endelea, wewe binti," alimwambia Hortensia. "Yametoka utumboni. Halafu?"

"Yanaingia kwenye mishipa myembamba kuliko uzi, yanaungana na damu. Yanapita kwanza kwenye ini. Ini ni kama mlinzi na mtunza ghala: sumu anaipunguza, sukari anaiweka akiba. Kutoka hapo yanakwenda huku."

Alichukua moyo wa mbuzi, akaupasua kwa kisu. Vyumba vinne. Kati ya vyumba kulikuwa na vilango vyembamba, vyeupe, vimeshikwa na nyuzi kama za hariri.

"Upande huu unapokea damu iliyochoka, unaipeleka mapafuni ikachukue hewa safi. Upande huu mnene unaipokea ikirudi, unaisukuma mwilini, mpaka kidole cha mguu. Vilango hivi vinazuia isirudi nyuma. Wa mtoto unapiga zaidi ya mara mia kwa dakika. Akiwa amelala, akiwa analia, sasa tunavyoongea. Haujapumzika hata mara moja tangu alipokuwa tumboni mwako, Fidelina. Damu ikipungua maji, unapiga mbio zaidi, masikini, kama mtu anayechota kisima kinachokauka."

Fidelina aliweka kiganja kwenye kifua cha mwanawe. Tu-tu-tu-tu-tu. Alijikuta amezuia pumzi, kama mtu aliyeingia kanisani wakati sala imeshaanza. Siku zote alidhani ndani ya mtu kuna giza na nyama tu. Kumbe kulikuwa na kazi kubwa kuliko ya machinjio mazima, na wafanyakazi wake hawakuwahi kugombana wala kulala.

"Tutajuaje kama yamefika?" aliuliza.

"Figo zitatuambia. Ziko mbili mgongoni. Damu yote inapita humo, tena na tena, siku nzima. Uchafu zinautoa, maji mazuri zinayarudisha. Maji yakiwa haba, zinafunga mlango kabisa. Amekojoa lini mara ya mwisho?"

Fidelina na mkwewe walitazamana. Hakuna aliyekumbuka. Jana jioni, labda.

"Basi zimefunga. Zikifunguka, ujue mwili umesema sasa yanatosha, tunaweza kutoa."

Waliendelea. Kijiko, ziwa, kijiko. Saa sita ikapita. Irinea alihara tena mara mbili, na kila mara Hortensia alisema, "Ongezeni." Abundio alikuja, akachungulia, akaondoka, akaja tena. Dereva wa gari alilala usingizi ndani ya gari lake. Saa saba Irinea alishika pete ya sikio la bibi yake akaivuta, na bibi kizee aliacha avute.

Saa nane kasoro, Bi Natividad alitulia ghafla, kijiko hewani.

Doa lilikuwa linaenea kwenye sketi yake. La joto.

"Ni kuhara?" Fidelina aliuliza.

Bi Natividad aligusa, akanusa vidole. "Mkojo," alisema. Alisema tena, polepole, kama anayetaja jina la mtu aliyerudi kutoka mbali. "Mkojo."

Fidelina aliinama akalia juu ya mguu mdogo wa mwanawe. Irinea naye, akiona mama analia, akalia pia, na safari hii chozi lilitoka, likateleza mpaka sikioni.

"Nikuletee sketi nyingine, mama?" Abundio aliuliza.

"Iache hii hii."

Kishimo cha utosini kilikuwa kimepanda, karibu sawa na fuvu. Hortensia aliwaonyesha ngozi ile laini ikipanda na kushuka kidogo kidogo.

"Mifupa ya kichwa haijaungana, ili ubongo upate nafasi ya kukua. Ndiyo maana hapa mnaweza kuona mapigo ya moyo kwa macho. Baadaye panafunga, na hamtaona tena."

Wakatazama, watu wazima wanne wameinamia kichwa cha mtoto mmoja.

Irinea alipewa vidonge vya zinki vya wiki mbili, na aliendelea kunyonya na kula. Siku ya nne kuhara kulikoma. Wiki hiyo hiyo Fidelina alining'iniza kipande cha sabuni kwa kamba kwenye mlango wa kila kibanda, kuanzia cha kwake, na aliyemcheka aliitwa kwenye beseni kutazama zile nywele za utumbo.

Kabla msimu haujaisha, msichana mmoja kutoka vibanda vya juu alikuja mbio na mtoto mgongoni. Alimtafuta Bi Natividad, maana miaka yote yeye ndiye aliyejulikana kwa kazi ile.

"Bibi, utosi umeanguka. Nimshike miguu?"

Bi Natividad alikuwa anamenya vitunguu. Aliweka kisu chini, akaenda mlangoni kwenye sabuni.

"Ushike miguu ya nini? Keti hapo. Fidelina, mwite Hortensia, aje na pakiti." Alinawa kucha moja moja, bila haraka, huku akimtazama mtoto usoni. "Niambie, mwanangu. Amekojoa lini?"

Msichana hakukumbuka.

"Haya," Bi Natividad alisema, akanyoosha mikono kumpokea mtoto. "Tutakaa hapa mpaka akojoe."